Nyundo ya Daraja na Ini la Mwanangu

Tarehe 2, mwezi wa tatu

Nina miaka sabini na tisa. Nimeishi kuliko mke wangu, Mungu amrehemu, kuliko mabosi watatu wa kiwanda cha mbao, kuliko kiwanda chenyewe, ambacho leo ni uwanja wa kuegesha malori, kuliko meno yangu yote ya juu, na kuliko daktari mmoja aliyeniambia nisipoacha kubeba magogo sitafika hamsini. Yeye ndiye hakufika.

Shule niliiona madarasa matatu tu. Lakini mkono wangu umeandika namba kwenye mbao nyingi kuliko kurasa walizofungua hao wenye miwani. Nilikuwa mpima daraja. Ubao unatoka kwenye msumeno, naugonga kwa kifundo cha kidole, naangalia kichwa chake, yaani ncha iliyokatwa, natafuta mafundo na nyufa, halafu nachukua nyundo ya muhuri na kuupiga: moja, mbili, tatu au nne. Moja inakwenda kwenye nyumba za wakubwa. Nne inakwenda jikoni. Na nikishapiga nimepiga. Hakuna bosi aliyewahi kubadilisha namba yangu.

Siku kiwanda kilipofungwa hakuna aliyeuliza nyundo iko wapi, nami sikumkumbusha mtu. Ipo chini ya kitanda, na vichwa vyake vinne vya chuma.

Binti yangu mwalimu amenipa daftari hili. Anasema, "Baba, una maneno mengi, yaandike, uwapumzishe majirani." Basi nimeanza. Mawingu yanajikusanya, na mvua ikianza sina pa kwenda.

Tarehe 5

Mvua bado. Goti linasema kesho.

Tarehe 6

Goti halijawahi kunidanganya. Imenyesha tangu asubuhi, chini ya mabati hatusikilizani.

Mwanangu wa pili, mwoka mikate, ninayeishi kwake (yeye husema anaishi kwangu, inategemea nani amelipaka rangi lango mwaka huo), amerudi amenuna. Kila mwaka wanaoshika chakula cha watu hupimwa afya. Mwaka huu damu yake imeonyesha ini lina walakini.

"Aliyenipima kaniuliza nakunywa kiasi gani," akasema.

Mkwe wangu, mke wake, akauliza, "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia vikombe sita. Akaandika. Kumbe yeye anasema pombe, mimi nasema chai."

Tukacheka mpaka mkwe akashika mbavu. Mwanangu hajawahi kugusa pombe. Nimemnusa tangu hajaota ndevu, najua. Kosa lake ni jingine: tumbo linatangulia, yeye anafuata. Mkate wa kwanza kutoka kwenye tanuri ni wake, na soda ya kuuteremshia. Akipanda ngazi za mbele anahema kama amepanda mlima.

Mpole, mkarimu, lakini si mti mgumu. Nilishalisema hilo zamani. Watoto walipokuwa wadogo nilimtengenezea kila mmoja kigoda kwa vipande vya kiwandani, kila mmoja ubao unaolingana naye, nikapiga muhuri ubavuni. Cha binti ni mtiki, moja. Cha huyu ni msonobari wenye mafundo, tatu. Ulikuwa utani. Ila ubao una haki ya kujua daraja lake, na mtoto pia. Mpaka leo anakikalia, na akinyanyuka kinalia.

Tarehe 10

Hospitali kubwa. Nilikwenda naye kwa sababu mimi ndiye mwenye kujua kuongea na watu wenye makoti.

Kwanza, picha. Chumba chenye giza kidogo, kitanda kilichotandikwa karatasi, mafuta baridi tumboni mwa mwanangu mpaka akaruka. Bwana wa picha, kijana mwenye vidole vyembamba, akapitisha kidude ubavuni, na kwenye kioo vikatokea vitu kama mawingu.

"Hili ini, babu. Hii figo."

Figo ilikuwa nyeusi. Ini lilikuwa jeupe.

"Mbona rangi mbalimbali?"

"Hapo ndipo tunaposomea. Kawaida ini na figo zinakaribiana rangi. Mafuta yakiingia, ini linang'aa. Sasa tazama: hapa pangetakiwa kuonekana mishipa ya damu. Unaiona?"

Sikuiona. Ilikuwa kama barabara yetu kwenye mvua kubwa: unajua ipo, lakini imefutika.

"Daraja la tatu," akasema. "La kwanza ni kidogo, la pili wastani, la tatu mishipa imefichwa."

Kumbe kuna mtu kazi yake ni kama yangu, na hakati kitu, hapasui kitu. Anapima daraja la kitu kilicho hai ndani ya mwenyewe, na mwenyewe amelala anauliza kama anaweza kuvaa shati.

Mwanangu akanikonyeza: "Tatu, baba. Unaona? Uliliona zamani."

Tarehe 13

Leo nitaandika mengi, taa iwake tu.

Bwana wa picha alituita tena, mashine nyingine. Hii haichori. Hii inagonga. Mwanangu alilala chali, mkono wa kulia juu ya kichwa, yule kijana akaweka ncha ya kidude kati ya mbavu. Tk. Akasubiri. Tk. Kama kifundo cha kidole mlangoni pa mtu unayemheshimu.

Nikamuuliza, "Unafanya nini hapo?"

"Nagonga, babu, halafu mashine inasikiliza. Kule kugonga kunatuma wimbi. Penye ulaini wimbi linajikokota. Penye ugumu linakimbia. Tunapima mbio zake."

Nilishika ukingo wa kitanda. Maisha yangu yote nimegonga mbao na kusikiliza! Mbao kavu ngumu sauti inakimbia, mbao bichi au iliyooza inakufa njiani. Bosi wa pili alinicheka, akasema nabisha hodi kwa miti. Na leo mashine yenye kioo na waya inabisha hodi kwa ini la mwanangu, na kazi ni ile ile. Ningependa bosi yule afufuke, dakika mbili tu.

"Nipime na mimi," nikasema.

"Babu, hukuandikiwa."

"Nimetembea kwenye matope mpaka hapa. Gonga."

Akacheka, akagonga. Akasema: "Lako laini, babu. Safi kabisa."

Na la mwanangu? "Gumu. Hatua ya tatu ya ugumu. Daktari wa ini atawaeleza vizuri siku yenu."

Nilirudi nyumbani sijisikii vizuri. Mimi, laini! Nimebeba magogo mvua na jua, na ndani kumbe ni msonobari mbichi. Na huyu niliyemwona laini kama mkate, ndani ni mtiki. Lakini mwanamume hukubali kipimo. Nikamshika bega mbele ya mkewe, nikamwambia: "Leo umenipita. Mafuta utayatoa, mafuta ni uchafu wa juu. Moyo wa ubao ni mgumu. Hongera."

"Hongera, baba?"

"Hongera."

Akatabasamu mpaka macho yakapotea kwenye mashavu. Sikumbuki kumwona akitabasamu hivyo.

Tarehe 14

Mvua. Nimemweleza fundi viatu, jirani yetu, habari ya ini la mtiki. Nimemweleza na mwenye duka. Na mkewe.

Tarehe 18

Daktari wa ini ni mwanamke, sauti ndogo, kalamu mbili kichwani. Alimuuliza mwanangu habari za pombe kwa njia tatu tofauti, akaniuliza mimi, akampigia simu mkwe akamuuliza na yeye. Nikakasirika. Akasema, "Mzee, usikasirike. Ini la mafuta lipo la mlevi na lipo la asiyekunywa, na kwa macho yanafanana kama mapacha. Lazima nijue nimeshika lipi kabla sijalipima. La mwanao ni la asiyekunywa. Nimeridhika."

Hapo nikamwambia kwa kujigamba: "Na ni gumu."

Akaweka kalamu chini. "Ndiyo. Ndiyo linalonitia wasiwasi."

Akatuchorea. Mafuta yana madaraja yake, sifuri mpaka tatu. Sifuri! Kwetu hapakuwa na sifuri. Mafuta peke yake hayana haraka. Lakini kwa watu wengine mafuta yanaleta uvimbe, na uvimbe ukikaa unaacha makovu, na makovu ndiyo ugumu. Makovu nayo yana hatua zake: sifuri hakuna, moja machache, mbili yameongezeka, tatu yameanza kufungana kamba, nne ini limesinyaa na kuwa la mabonge, na hapo mambo ni mengine.

"Mzee, ini si ubao. Ini zuri ni laini."

Mwanangu hakumtazama daktari. Alinitazama mimi. Alikuwa bado na kipande cha lile tabasamu.

Daktari aliendelea: makovu yanaweza kurudi nyuma, dawa kubwa ni kupunguza uzito na kuacha sukari na kutembea, lakini kwanza anataka kutoa kipande kwa sindano apate uhakika, maana uvimbe nao unaweza kuifanya mashine isome ugumu kuliko uliopo. Sikuwa nasikia vizuri. Masikio yalikuwa na mvua ndani.

Jioni, mezani. Mkwe akasema, "Daktari kasema makovu yanaweza kurudi nyuma."

Nikasema, "Madaktari husema hivyo watu wapate kulala. Mimi nimepima mbao tangu sijaoa. Ubao wa tatu ukiuacha mvuani unashuka, unakuwa wa nne. Uliopanda sijauona. Hata mmoja."

Kigoda kikalia.

"Kwa hiyo mimi nasubiri kuwa kuni," mwanangu akasema.

"Sikusema hivyo."

"Umesema, baba." Akachukua andazi, akalila akinitazama machoni. Akachukua la pili.

Tarehe 19

Mvua. Anakula. Hajanisalimia.

Tarehe 21

Mvua. Anakula. Fundi viatu kaniuliza kwa sauti ya barabara nzima, "Mzee Nyundo, lile ini la mtiki vipi? Nasikia maini hayo ni ya wapenda chupa." Nikamwambia mwanangu ameshika chupa moja tu maishani mwake, ya maziwa, na aliiacha kabla ya yeye fundi kuacha yake. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Tarehe 23

Mkwe alikuja chumbani kwangu, akabaki mlangoni. Hajawahi kunipandishia sauti na leo hakupandisha.

"Baba, mwenye duka akimwambia atakufa, atacheka. Daktari akimwambia, atabisha. Wewe ukimwambia, anafunga mahesabu. Sasa amesema kwenye sindano haendi. Kwamba haina faida kuchomwa kwa jambo lililokwishapigwa muhuri."

"Mimi nilisema ninalolijua."

"Unajua mbao, baba."

Akaondoka. Mvua ilipungua kidogo halafu ikajuta.

Tarehe 26

Amekwenda kwenye sindano. Sikumbembeleza, sijui kubembeleza. Nilivaa viatu vyangu vya mvua, nikakaa sebuleni nimevaa kofia, nikasema mimi naenda hospitali, nikifika peke yangu nitawaambia wanichome mimi, maana siku hii imeshalipiwa. Akatikisa kichwa, akatafuta mwavuli.

Walimchoma kati ya mbavu. Kipande kilichotoka ni uzi. Nimeona njiti za kibiriti nene kuliko kile. Kisha wakamlaza ubavu wa kulia, akae hivyo hivyo, nami nikakaa upande ule ule alikoangalia. Akafumba macho. Ana nywele nyeupe kwenye masikio. Zimeanza lini?

Tarehe 3, mwezi wa nne

Majibu: mafuta tatu, uvimbe upo, makovu hatua ya tatu. Mashine ilikuwa imesikia sawa.

Mimi nikamwambia daktari wa ini: "Sikubali."

"Mzee, hukubali nini?"

"Sikubali daraja bila kuona kichwa cha ubao. Kiwandani hata bosi hakunipangia. Nionyesheni."

Akaniambia vipande vinasomwa chini, chumba cha hadubini, si mahali pa wageni. Nikamwambia vizuri, nitakaa nje ya mlango huo mpaka nifanane na wenyeji.

Tarehe 4

Nilikaa. Mvua ilikuwa inaingia kwa dirisha la korido. Walinipa kiti. Wakaninyang'anya kiti. Nikasimama.

Tarehe 5

Andiko hili nataka lisomwe na wajukuu nikiwa sipo.

Bwana wa hadubini ni mtu mzima, karibu astaafu, ana kipara na koti lenye madoa ya rangi. Alinikuta mlangoni siku ya pili, akasema, "Wewe ndiye mzee wa mbao?" Nikasema ndimi. "Ingia basi. Usiguse kitu."

Alinikalisha kwenye stuli. Mwanangu alikuwa amesaini kwamba naweza kuonyeshwa. Alisaini bila kuuliza. Bwana wa hadubini akaweka kijioo chenye kijipande cha ule uzi, kama ukucha wa kitoto, nikaweka jicho.

Mwanzo niliona kope zangu. Halafu nikaona.

Sina maneno, na mimi maneno sijawahi kukosa. Ni nchi. Nchi ya waridi, imepangwa vigae vigae, kila kigae na kiini chake kama jicho. Ule uzi wa mwanangu, mwembamba kuliko kibiriti, una mitaa na viwanja humo ndani. Na ndani ya vigae kuna matundu meupe ya duara, mengi, yamesongamana.

"Hayo meupe ndiyo mafuta," akasema. "Tunatazama yamechukua sehemu gani ya eneo. Hapa ni zaidi ya theluthi mbili. Ndiyo tatu."

"Kama nyama ya mkate," nikasema. "Mkate ulioumuka."

Akachungulia mwenyewe. "Miaka yote sijaiona hivyo. Ndiyo, ni mkate."

Akanionyesha vigae vilivyovimba kama maputo, na vidoti vyeusi vimejikusanya kama sisimizi waliopata sukari, hao ndio askari wa uvimbe. Kisha akabadilisha kijioo: kipande hicho hicho, kimetiwa rangi ambayo makovu huishika na kuwa ya buluu. Nyuzi za buluu, toka kiwanja hiki mpaka kile, zinafungana, zinazungushia vigae kama kamba. Hizo ni nyufa. Nyufa nazijua. Hakuna haja ya kunieleza tatu ni nini. Ningeipiga mimi mwenyewe, tatu, na mkono usingetetemeka.

Nikamwambia: "Umepima kwa haki."

"Asante, mzee."

"Na tatu haipandi."

Alinitazama juu ya miwani. Alikwenda kwenye kabati, akarudi na vijioo viwili. "Hivi ni vya kufundishia wanafunzi, mwenyewe hatumjui jina. Niambie daraja."

Cha kwanza: nyuzi za buluu nene, kamba tupu. "Tatu," nikasema. "Tatu mbaya kuliko ya mwanangu."

Cha pili: nyuzi nyembamba. Nyingine zimekatika katikati, zimebaki ncha, kama utando wa buibui mtu alipopita. Vigae vimejaa mahali pake. Matundu meupe ya kuhesabika. Nikatazama mpaka jicho likatoka machozi, bwana akadhani nalia. "Moja. Ukinibana sana, mbili. Ni mtu mwingine mwenye afya."

"Ni yule yule."

"Hapana."

"Yule yule, mzee. Kati ya hiki na hiki ni miaka miwili hivi na kilo nyingi zilizopungua. Si wote wanaorudi. Lakini huyu alirudi."

Nikarudisha cha kwanza, nikarudisha cha pili. Nilifanya hivyo mara nyingi mpaka yeye akaenda kunywa chai na kurudi. Ubao uliojirandia nyufa zake kwa ndani! Ubao uliomeza mafundo yake! Mti ukishakatwa umekufa, ndiyo maana haupandi. Hilo nililijua miaka yote, na sikuwahi kuligeuza upande wa pili: ini halijakatwa. Bado linaota.

Nilitoka nje bila kofia. Mvua ilininyeshea, nikaiacha inyeshe.

Tarehe 6

Nilikwenda kwenye tanuri lake, mahali ambapo sijaingia tangu alipofungua. Kuna joto, unga hewani, na yeye katikati na aproni. Nikangoja amalize kutoa trei. Akachukua mkate, akaugeuza, akaugonga chini kwa kifundo cha kidole, akauweka sikioni. Akaupanga rafuni. Akachukua mwingine, akaugonga, akaurudisha ndani.

"Huo umefanya nini?"

"Haujaiva katikati. Sauti imekufa."

"Nani kakufundisha kugonga?"

Akanitazama kama nauliza jina langu mwenyewe. "Nilikuwa nakaa kwenye magogo nikikutazama, baba. Kila likizo."

Ilibidi nitafute pa kukaa. Gunia la unga.

Nikamwambia niliyoyaona, yote, mkate wa waridi na kamba za buluu na vijioo viwili. Akasema, "Hiyo ni ya mtu mwingine."

"Ya mtu mwingine, na ilikuwa mbaya kuliko yako. Niliipima kwa jicho langu. Sasa sikiliza. Mimi natia chumvi kila kitu. Samaki, vita, idadi ya wanaume niliowabwaga. Lakini daraja, umewahi kunisikia nikidanganya daraja?"

Akafikiri. "Hapana. Ungekuwa unadanganya, kigoda changu kingekuwa moja."

"Basi. Vaa viatu."

"Mvua hiyo, baba."

"Hilo ini lako linaogopa maji?"

Tarehe 7

Tumetembea mpaka uwanja wa malori. Amehema sana. Mimi pia, ila nilijificha kwa kukohoa.

Tarehe 8

Tumetembea.

Tarehe 9

Tumetembea. Soda imeondoka nyumbani. Chai bila sukari. Nimeinywa na mimi ili asione aibu, na natangaza hapa kwamba ni kinywaji cha adhabu.

Tarehe 15

Mvua kubwa, daraja la bonde limefunikwa. Tulizunguka sebule. Mkwe alisema tunamtia kizunguzungu, akajiunga.

Tarehe 20

Tumetembea. Nilikuwa nadhani mwanangu mvivu. Anaamka kuwasha moto kabla ya jogoo, anasimama mpaka mchana, anashinda kati ya mikate ya moto yenye siagi na sasa hali hata kona ya mkate. Niwekeni mimi humo nusu saa muone.

Tarehe 2, mwezi wa tano

Mizani imegoma. Wiki mbili iko pale pale. Leo katikati ya njia, pale palipokuwa lango la kiwanda, alikaa kwenye jiwe, maji yanamtiririka usoni, akasema, "Niache hapa. Nimechoka kuwa mradi."

Fundi viatu alikuwa anapita na baiskeli. Nikajua atasema neno. Akasimama, akatutazama, akasema, "Bwana mikate, jana nilishindwa kufikia pale mlipofika. Nilijaribu. Goti." Akaendelea zake. Kumbe amekuwa akitufuata kimyakimya kwa nyuma!

Mwanangu akaanza kucheka, tumbo likatikisika, si tumbo lile la zamani. Nikampa mkono. Alinivuta nusura aniangushe. Tukamaliza mzunguko.

Tarehe 3 hadi 30

Mvua. Tumetembea. Mvua. Tumetembea, fundi naye. Mkanda wa mwanangu umetobolewa tundu jipya. Alilitoboa fundi, bure.

Tarehe 18, mwezi wa sita

Goti linasema mvua inafunga. Tundu la pili.

Tarehe 9, mwezi wa saba

Jua. Ardhi imepasuka ganda. Siku ya kupimwa.

Sikulala vizuri na sikumwambia mtu. Kwenye picha, bwana yule yule mwenye vidole vyembamba, mafuta baridi. Figo nyeusi. Ini, kijivu kidogo kuliko figo. Na katikati ya ini, mstari mweusi, unapinda, una matawi.

"Ule nini?" nikauliza, ingawa niliujua.

"Mshipa wa damu, babu. Umetokea."

Barabara baada ya mvua. Nilisimama nikaitazama mpaka akazima kioo. Mafuta: daraja la kwanza.

Kisha ile ya kugonga. Tk. Nilifumba macho nisikilize, kana kwamba sikio langu lingefika. Tk. Tk. Mwanangu alinishika mkono wa koti, mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, na sikumwondoa.

Daktari wa ini alisoma, akasoma tena, akachomoa kalamu moja kichwani. "Ugumu umeshuka. Ulikuwa eneo la hatua ya tatu, sasa uko eneo la hatua ya pili. Sehemu ya nafuu hii ni uvimbe uliotulia, makovu yenyewe yanaondoka polepole sana, na mkirudia soda yatarudi mbio. Safari ni ya miaka. Lakini imeshuka."

"Kushuka ndiko kupanda," nikamwambia.

"Kwenu kwenye mbao, ndiyo, mzee."

Nyumbani nilivuta nyundo kutoka chini ya kitanda, nikapangusa kutu kwenye kichwa cha namba mbili. Mwanangu, mkwe na fundi viatu wakaja ukumbini kutazama. Nikakilaza kigoda ubavu.

Mwanangu akasema, "Baba, si ulisema ukishapiga umepiga? Alama haifutwi."

"Nani anafuta? Tatu ilikuwa ya haki, itabaki. Shika miguu ya kigoda, kisiteleze."

Akapiga magoti. Anapiga magoti bila kuhema siku hizi. Nikagonga ubao kwanza kwa kifundo cha kidole, mazoea tu. Umekauka miaka yote hiyo, unalia vizuri. Halafu nikapiga mara moja: mbili, kando ya tatu. Nilipiga kushoto kidogo, kwa makusudi, pabaki nafasi ya nyingine.

Ubao mmoja, alama mbili. Hakuna mpima daraja duniani aliyewahi kufanya hivyo, na angefanya kiwandani kwangu ningemfukuza.

Asiyeamini asiniulize mimi, mimi natia chumvi. Amuulize bwana wa hadubini, yule mwenye kipara na koti la madoa. Amuulize mkwe wangu, ambaye hasemi uongo hata kwa adabu. Amuulize fundi viatu kama ana ujasiri wa kukiri alikuwa anatufuata. Na kama wote hao hawapo, aje ukumbini alasiri, mwanangu akishafunga tanuri, amwombe anyanyuke kidogo, akitazame kigoda ubavuni.